Bolti, leva au bulpapu: jibu kwa kijana mashoto wa Konde

Kijana mmoja wa Konde, Pemba, ameniandikia barua ndefu. Naifupisha hapa kwa maneno yake mwenyewe:

"Assalaam alaykum fundi. Nina miaka 26, nimelelewa na wasasi. Babu na ami zangu walikuwa wakisaka nguruwe kwa mbwa pembezoni mwa Ngezi kulinda mihogo na mpunga, na mimi nikichukua mkuki tu, bunduki sijawahi kuimiliki. Masika yakisha nakwenda Bara kuanza kazi chini ya mwindaji bingwa, kitalu cha upande wa Selous. Kanambia nisome habari za bunduki kabla sijafika. Nimeona picha za bulpapu, ni fupi na nzuri, nikafikiri kichakani zitanifaa kuliko hizo ndefu. Nyengine naona bolti, leva, pampu, za kujipakia, za kukunja, na kichwa kinaniuma. Tena mimi ni mashoto. Niegemee wapi? Na hii bulpapu ni chombo cha kazi au ni pambo?"

Wa alaykum salaam mwanangu, na hongera kwa kazi.

Jibu kwanza. Kwa kazi unayoiendea, bulpapu iache. Tafuta bolti, yaani bunduki inayopakiwa kwa kuvuta na kusukuma kwa mkono kile chuma chenye kishikio kinachofunga nyuma ya mtutu (chuma hicho ndicho bolti yenyewe), iwe ya mkono wa kushoto na mtutu wa sentimita 55 hivi, ujizoeze hiyo moja mpaka mikono ifanye yenyewe bila ya macho kuangalia. Ukipewa ya mkono wa kulia kwa kuwa ndiyo iliyopo, nalo lina njia yake, nitalifikia. Sababu ni ndefu, lakini zisome zote. Sitaki ukamwambie bwana wako kwamba "fundi kasema" ukakwama hapo.

Watu wakinijia kwa habari ya bunduki huniuliza urefu, uzito na nguvu. Mimi huwauliza: ukishailaza shavuni, chemba iko wapi? Chemba ni ile nyumba ya risasi mwanzo wa mtutu, pale ambapo fataki, kile kiwashio kilicho kwenye tako la risasi, hugongwa na baruti ikawaka. Moto wote wa bunduki unazaliwa humo. Ganda tupu linatokea humo, risasi mpya inaingia humo, na likiharibika jambo, mara nyingi linaharibikia humo. Kwa hiyo mahali pa chemba panaamua mkono wako utakwendaje, uso wako utakaa karibu na nini, na mwenzako aliye hatua kumi ataonaje kama silaha yako ni salama au la. Ukilishika hili, aina zote ulizozitaja zitajipanga zenyewe.

Bunduki ya kawaida ina chemba mbele ya kifyatulio, na nyuma ya kifyatulio kuna kitako, mti mtupu wa kuegemeza begani. Aliyebuni bulpapu aliutazama ule mti akaona nafasi inapotea bure. Akaichukua chemba na magazini, yaani kikasha cha risasi, akavirudisha ndani ya kitako, nyuma ya kifyatulio. Mtutu unabaki na urefu wake uleule, ila bunduki nzima inapungua kiasi cha sentimita 20 hadi 25. Hesabu ni nzuri, siikatai. Wala wazo si la jana: Waingereza waliijaribu bunduki ya bolti ya namna hii, ya Thorneycroft, mwaka 1901, wakaikataa kwa sababu ya teke lake na ugumu wa kuishika. Iliporudi ilirudi kwa majeshi. Waustria wakaichukua Steyr AUG mwishoni mwa miaka ya 1970, Wafaransa FAMAS mnamo 1978, Waingereza SA80 mnamo 1985. Askari anaingia na kutoka garini, anapita milangoni, na bado anataka mtutu mrefu ili risasi yake ndogo iende kwa kasi. Kwake ufupi ule una maana. Hata hivyo Wafaransa walipotafuta mrithi wa FAMAS mnamo 2016 walirudi kwenye umbo la kawaida, na Wachina nao wakafanya vivyo hivyo kwa bunduki yao mpya ya jeshi, QBZ-191.

Sasa tazama shida yako wewe kama inafanana na ya askari yule. Ndani ya matete na vichaka vya Selous, mnyama unamnyatia mpaka mita 40, 60, pengine 100. Kwa nyati, kizingiti kinachojulikana Bara ni risasi ya kipenyo cha inchi .375, na mama wa kundi hilo ni .375 Holland & Holland ya 1912, risasi ya gramu 19 na ushei, inayotoka mdomoni kwa kasi ya karibu mita 770 kwa sekunde. Ukiufupisha mtutu wake kwa sentimita 10, unapoteza mita 30 au 40 za kasi ile. Kwa masafa ya mita 60 nyati hataijua tofauti, na wewe hutaijua. Basi ukitaka bunduki fupi, kata mtutu, huna haja ya kuihamisha chemba. Bolti yenye mtutu wa sentimita 55 inakuja karibu mita moja na kidogo kutoka ncha hadi ncha. Bulpapu inatibu ugonjwa wa mtu anayelazimika kuwa na mtutu mrefu ndani ya chombo kifupi, na wewe huna ugonjwa huo.

Kama hujaridhika, fanya jaribio hili hukohuko Konde kabla hujapanda boti. Kata fito mbili, moja ya sentimita 105 na moja ya 80. Funga kamba kila moja kama mkanda wa bunduki, upite nazo kwa zamu kwenye kichaka kizito, umeinama, unanyata kama unavyomwendea nguruwe. Angalia kinachokwama. Utakuta ni kamba, na kiwiko chako, na shati. Ile ncha ya mbele, ukiishika kwa mlalo mbele ya kifua, inapita. Nimewapitisha vijana wengi kwenye zoezi hili, na wengi wao walirudi wakiniomba mkanda mwengine na si bunduki nyengine.

Nije kwenye ushoto wako, maana kwako wewe ndio uzito wa swali zima. Mtu wa kulia hulaza shavu upande wa kushoto wa kitako. Wewe unalaza upande wa kulia. Bunduki nyingi duniani hutupa ganda tupu upande wa kulia. Kwenye bunduki ya kawaida ganda hilo linarukia mbele ya uso wako kwa shibiri moja na zaidi, linakupitia. Kwenye bulpapu tundu la kutupia ganda liko chini ya shavu. Bunduki ya jeshi la Uingereza niliyoitaja, ukiiweka bega la kushoto, ganda la moto linakuja usoni, na kishikio cha bolti kinakwenda na kurudi mbele ya meno yako. Askari mashoto wa Uingereza hufundishwa kuipiga kwa bega la kulia, basi.

Wabunifu wanalijua hilo na wametafuta dawa. AUG na Tavor ya Waisraeli zinaweza kugeuzwa zitupe kushoto, lakini kwa kubadilishwa vipande, na ukishageuza ni ya mashoto peke yake. FN F2000 ya Wabelgiji hulisukuma ganda kwenye mfereji likatokea mbele. Dawa nzuri hizo. Ila zote ni bunduki za kujipakia, na sheria ya wanyamapori ya Bara, ya 2009, inakataza kuwindia silaha inayojipakia zaidi ya mara moja bila ya mpigaji kufanya tendo jengine. Kwa hiyo bulpapu ulizoziona pichani, kwa wingi wake, zimekwishaondoka mezani kabla hatujaulizana ladha. Zinabaki chache za bolti, mfano wa SRS ya Desert Tech ya Marekani. Hiyo ni bunduki ya kulenga shabaha ya mbali sana, nzito, na bolti yake imekaa nyuma ya mkono, karibu na kwapa. Kupakia risasi ya pili kunataka uuvute mkono nyuma kabisa mpaka ubavuni. Kwenye benchi la kulengea ni raha. Mbele ya nyati aliyejeruhiwa, sikutakii.

Nikueleze na kilichonipata mimi, ujue kwa nini habari ya chemba naishikilia hivi. Nilikuwa Bara bado, kwenye benchi la ufundi, nikaletewa Mauser ya zamani niijaribu baada ya kuifunga darubini. Risasi zilizokuja nayo zilikuwa zimekaa miaka kwenye ghala la pwani. Maganda yalikuwa na mabaka ya kijani karibu na tako la risasi. Nikayafuta kwa kitambaa, nikasema yatatosha. Kosa lilikuwa langu, nilikuwa nalijua na nikalipuuza. Ya kwanza ikalia vizuri. Ya pili ikalia kwa sauti mbili kwa pamoja, kishindo na mzomo, na uso wangu ukahisi kama umerushiwa mchanga wa moto. Ganda lilikuwa limepasuka karibu na tako. Moto ulirudi nyuma kwa njia ya bolti, ukatoka kwenye matundu mawili yaliyotobolewa ubavuni mwake kwa kazi hiyo, ukapita kwenye mfereji wa kushoto, ukaikuta ile kola pana iliyo mwisho wa bolti. Kola ile wengi hudhani ni urembo. Ndiyo iliyoupotosha moto usinifikie jichoni. Miwani ilibaki na vidoa vyeusi kama pilipili manga, na nyusi za jicho moja zikapukutika, basi, hamna zaidi ya hilo. Chemba ilikuwa mbele yangu kwa shibiri moja na kitu. Nimeitia akilini mara nyingi ile shibiri moja. Bulpapu za leo zina bamba la kukinga shavu, na zimejaribiwa, sisemi kwamba zinaua wapigaji. Nasema tu kwamba bamba ni kitu kimoja, na umbali pamoja na bamba ni vitu viwili.

Tangu siku ile kazi ya Peter Paul Mauser wa Ujerumani naiheshimu zaidi ya ninavyoweza kuandika. Modeli yake ya 1898 ndiyo mama wa bolti karibu zote unazoziona kwa wawindaji wa Afrika. Shika moja, fungua bolti taratibu, utazame ubavuni: kuna ukucha mrefu wa chuma, kama kucha ya kidole gumba. Unapoisukuma bolti mbele, risasi inapanda kutoka kwenye magazini na ukingo wa tako lake unaingia chini ya ukucha ule kabla hata haijafika chembani. Kuanzia hapo bolti imeishika. Ukibabaika ukairudisha nyuma katikati ya njia, risasi inarudi nayo, inatupwa, unaanza upya. Bolti nyengine, na ni nyingi siku hizi kwa kuwa ni rahisi kutengeneza, husukuma tu. Risasi inakwenda mbele ikiwa huru, na ukucha mdogo unaishika bolti ikishafungwa. Ukibabaika hapo, risasi ya kwanza inabaki chembani peke yake, na ya pili inakuja kuigonga kwa pua. Silaha imekwama. Kwa swala unayempiga kutoka mbali, kwa utulivu, bolti ya kusukuma haina ubaya na mara nyingi hulenga vizuri sana. Kwa mnyama anayeweza kukurudia, mimi nataka ukucha. Babaiko linampata kila mtu, hata aliyezeeka porini.

Wazee wa Unguja na Pemba waliopitia upolisi wa zamani watakusifia Lee-Enfield, ile .303 ya Mwingereza. Wana haki. Bolti yake hufunguka kwa mzunguko mfupi kuliko Mauser, kiasi cha nyuzi 60 badala ya 90, inateleza kama siagi, na inachukua risasi kumi. Lakini vifungio vyake viko nyuma ya bolti na si mbele karibu na chemba, kwa hiyo haikupendwa kwa risasi zenye msukumo mkubwa za kisasa. Iheshimu kama babu. Wala usishangae kusikia kwamba zama zake iliitwa "fupi", nayo ina sentimita 113.

Kuna na bolti za kuvuta moja kwa moja, bila ya kuinua kishikio. Waustria na Waswisi walizipa majeshi yao tangu karne ya 19, na leo Blaser R8 ya Wajerumani ndiyo maarufu. Mkono unakwenda nyuma na mbele tu, kichwa hakisogei kwenye kitako. Ni ghali sana. Ukiikuta kwa mteja, iangalie kwa heshima na umuombe akuoneshe inavyofungwa, kwani siku moja utaibeba wewe.

Leva nitaipitisha haraka. Ni ule mpini wa chuma chini ya kifyatulio unaousukuma mbele na kuurudisha. Winchester ya 1894 ndiyo inayojulikana kuliko zote. Kwa mashoto ni rafiki, maana mpini uko katikati, hauna kulia wala kushoto. Tatizo lake ni magazini ya bomba chini ya mtutu, ambamo pua ya risasi moja inagusa fataki ya mwenzake, hivyo kwa kawaida hupakiwa risasi butu, na risasi butu hupoteza kasi mapema. Ukilala chini kifudifudi, mpini unagonga ardhi. Pampu, ile ya kuvuta na kusukuma mpini ulio chini ya mtutu, nayo hutaikuta sana kwenye uwindaji wa kitalii isipokuwa kwa bunduki za marisau, za ndege na za kulindia kambi. Jifunze kuifungua na kuhakikisha ni tupu, basi.

Za kujipakia nimeshasema sheria. Lakini hata pasipo sheria, kuna jambo msasi wa Pemba atalielewa kabla ya mtu wa mjini. Umeshamnyatia mnyama kwa nusu saa, upepo uko usoni, umejaribu mfuko wa majivu na vumbi linakuja kwako. Chemba ilikuwa tupu kwa ajili ya usalama, sasa unataka kupakia. Bolti unaisukuma kwa kidole gumba, polepole, pumzi mbili, inafunga bila ya mlio. Ya kujipakia inataka iachiwe ijigonge yenyewe kwa nguvu ya springi. Ukiisindikiza kwa mkono ili isilie, huenda isifunge sawasawa, na ukifyatua hailii. Kishindo cha chuma porini asubuhi kinakwenda mbali. Nimewaona pofu, wale swala wakubwa, wakiinua vichwa wote kwa pamoja kwa mlio mdogo kuliko huo.

Nilikoweka moyo wangu, na ninakotaka ukutazame vizuri, ni bunduki za risasi moja na zile za mitutu miwili ya kukunja, kwa sababu ndizo fupi za kweli. Bolti inahitaji nafasi ya kwenda nyuma, kwa hiyo kati ya chemba na mkono wako kuna chuma kirefu cha kuipokea. Bunduki ya bloku ya kushuka haina hicho. Unasukuma mpini chini, bloku nzito ya chuma inashuka kama mlango wa kuteremka, unaiona chemba imefunguka juu mbele ya macho yako, unatia risasi moja kwa vidole, unarudisha mpini, bloku inapanda na kufunga nyuma ya risasi. Hivyo mtutu wa sentimita 66 unakaa kwenye bunduki iliyo fupi kwa sentimita 10 kuliko bolti ya mtutu uleule, na chemba haijarudi chini ya shavu. Haina kulia wala kushoto, mashoto na wa kulia ni sawa mbele yake. Farquharson wa Uskochi aliisajili yake mwaka 1872, na Ruger wa Marekani akaihuisha miaka ya 1960 kwa bunduki yake No. 1. Frederick Selous mwenyewe, ambaye pori unaloliendea limechukua jina lake na ambaye amezikwa Beho Beho, alikouawa Januari 1917, alitumia Farquharson ya .461 katika miaka yake ya uwindaji. Mtu wa risasi moja hujifunza kunyata, maana hana ya pili ya haraka.

Ya mitutu miwili hufunguliwa kwa kukunjwa mbele ya kifyatulio, nayo ni chemba mbili, vifyatulio viwili, mitambo miwili isiyotegemeana. Mmoja ukikataa, wa pili uko chini ya kidole. Wawindaji bingwa wengi wanaoingia kwenye matete kumfuata nyati aliyejeruhiwa wanaichukua hiyo, kwa mfano yenye .470 Nitro Express. Imekaa mkononi kama shotigani, fupi, inapanda begani haraka. Bei yake ni ya nyumba, kwa hiyo hii nakuandikia uijue na si uinunue. Lakini bwana wako akiwa nayo, muombe siku moja aifungue mbele yako. Utaona chemba mbili zikikutazama, wazi, hazifichi kitu.

Na hilo ndilo jambo ambalo picha za bulpapu hazikuoneshi. Kazi yako ya mwanzo Bara haitakuwa kupiga. Itakuwa kupokea bunduki ya mteja, kuibeba, kuipandisha garini, kuitegemeza, kumrudishia. Mara ishirini kwa siku. Bolti iliyofunguliwa inaonekana na kila mtu: kishikio kimeinuka, tundu liko wazi, hata dereva aliye mbali anajua chombo hiki hakina risasi chembani. Ya kukunja ikikunjwa mkononi inasema hivyo hivyo. Bulpapu, ili uone chembani, uishushe begani, uigeuze ubavu, uchungulie kwenye kitako. Mwenzako haoni chochote. Tena kwa kuwa ni fupi, mdomo wake unageuka haraka, mtu akijipinda tu ameshawapitishia wenzake wote. Mkifuatana kwenye njia ya mguu mmoja, urefu wa bunduki ni adabu pia. Unamkumbusha mwenyewe mdomo uko wapi.

Masikio nayo usiyasahau. Mdomo wa bunduki kubwa hutoa kishindo cha desibeli 150 na kupanda, na kila unapoufupisha, unausogeza masikioni mwako na mwa mfuata nyayo aliyeshika fito za kuegemeza. Ziba masikio kila ukilenga shabaha ya mazoezi. Masikio ya msasi ni macho yake ya pili, hili unalijua tangu Ngezi.

Kama utapewa bolti ya mkono wa kulia. Ukiwa umeegemeza kwenye fito, acha mkono wa kushoto pale pale kwenye kifyatulio, kidole nje, na utumie mkono wa kulia kufungua bolti. Ni haraka ajabu ukizoea. Lakini ukisimama bila ya egemeo, mkono wa kulia ndio unaobeba bunduki, ukiuondoa inaanguka mdomo. Hapo hakuna njia ila kupitisha mkono wa kushoto juu ya darubini, kuvuta, kurudi. Ni polepole, na hiyo ndiyo sababu ninakuambia utafute ya kushoto. Ruger, Tikka, Sako na Blaser wote wamewahi kuziuza. Ukiipata, angalia na kitako: vingi vina uvimbe wa shavu upande wa kushoto, kwa mtu wa kulia, na wewe shavu lako litabaki hewani.

Mawili ya utunzaji, kwa kuwa unatoka kisiwani na tabia zetu nazijua. Usitie mafuta ya nazi. Najua nyumbani kila kitu tunakipaka hayo, lakini yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, na msimu unaanza Julai, kipupwe kimekaza. Alfajiri ile mafuta yaliyoganda kwenye springi ya kigongeo hukilegeza, kinagusa fataki kwa uvivu, na risasi hailii. Mafuta mepesi ya cherehani yanafaa, tone mbili, uyafute mpaka udhani hayapo. La pili ni mti. Kitako cha mti kinakunywa unyevu wa masika, kinavimba, kinausukuma mtutu, na shabaha inahama bila ya mtu kuigusa darubini. Chukua noti ya shilingi elfu, ipitishe kati ya mtutu na mti kuanzia mdomoni kurudi nyuma. Ikikwama mahali ambapo mwezi uliopita ilipita, mti umevimba hapo. Usitie tupa mwenyewe, peleka kwa fundi.

Kununua, subiri. Fanya msimu mmoja na silaha za kampuni, uzishike za kila aina, ndipo uombe kibali na ulipe fedha yako. Na kila unaporudi nyumbani kwa boti, pekua mifuko ya koti na begi kabla ya bandarini. Risasi moja iliyosahaulika mfukoni itakuweka pabaya, na maelezo yako hayatasikilizwa upesi.

Niandikie vipimo viwili nikufanyie hesabu ya kitako: kunja kiwiko cha mkono wa kushoto sawasawa, mtu akupime kutoka kwenye mkunjo wa ndani mpaka kwenye pingili ya kwanza ya kidole cha shahada, halafu upana wa bega lako ukiwa umevaa koti lile utakalovaa kazini. Koti usilisahau, maana sentimita moja ya kitambaa kizito ndiyo inayofanya kitako kinase kwapani wakati unataka kipande begani.